Sauti Nyembamba Huondoka Kwanza

Mtu mzima aliyejiziba masikio mchana kweupe, katikati ya mtaa uliojaa watu kama siafu, lazima ana jambo analificha. Ndivyo alivyofikiri Sindano siku alipomwona yule mwanamume kwa mara ya kwanza, na kusema kweli alikuwa na haki ya kufikiri hivyo.

Ulikuwa mtaa wa maduka ya vitambaa. Kila duka lilikuwa limetundika spika mlangoni, kila spika ikijitahidi kumzidi jirani, na katikati ya vurugu hiyo Sindano alikuwa akijipenyeza na jora la satini nyeupe begani. Jina hilo la Sindano alipewa nyumbani kwa sababu mbili: alikuwa fundi wa magauni ya harusi, na ulimi wake ulikuwa unachoma. Ncha ya jora ilifunguka ikaburuta chini, na mwanamume mmoja aliyesimama mbele ya duka la vifungo akaikanyaga kwa kiatu kizima.

"Kaka, mguu wako!"

Mwanamume aliendelea kutazama vifungo.

"Kaka! Unamkanyaga bibi harusi wa watu!"

Sindano akalivuta jora kwa nguvu, yule mwanamume akayumba, nusura aangukie meza ya zipu. Ndipo alipochomoa vizibo viwili vya rangi ya machungwa kutoka masikioni, akatazama chini, akaona alama ya kiatu chake imejichora vizuri juu ya satini.

"Samahani sana, dada. Sikukusikia."

"Utasikiaje nawe umejipiga kufuli?"

"Hizi spika zinaua masikio."

"Masikio ya nani? Mimi napita hapa kila wiki, na nasikia mpaka mbu akipiga miayo."

"Ukifika nyumbani hayakulii? Wiii, hivi, kama birika jikoni?"

Yalikuwa yanalia, na Sindano hakuwahi kumwambia mtu. Akamkagua mgeni huyu toka juu hadi chini kwa jicho la kifundi. Shati jeupe, pasi ya kweli, mikono imekunjwa mpaka viwikoni. Suruali ya kijivu yenye pindo jembamba, mshono wa ndani umefungwa kwa namna ambayo hakuna fundi wa mji huu aliyejisumbua nayo.

"Wewe umetoka nje," alisema.

"Nimerudi."

"Hao wanaorudi ndio huwa wanarudi tena huko huko."

Mwanamume alicheka, akatoa mfukoni kikopo kidogo chenye vizibo vipya, akampa, akamtajia na namba yake ya simu endapo kitambaa kitakataa kutakata. Sindano alivitupa kwenye mkoba pamoja na sindano na pini, akaenda zake akijiambia kuwa wanaume wa kutoka nje wana mbinu mpya kila msimu.

Alikuwa na sababu ya kuwaogopa. Dada yake mkubwa alichumbiwa na kijana aliyekwenda ng'ambo kusomea udaktari. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila siku, wa pili kila mwezi, wa tatu alituma picha ya harusi yake mwenyewe na mwanamke mwingine. Gauni la Dada, la kwanza kabisa kushonwa na Sindano, lilibaki kabatini likigeuka rangi ya maziwa. Tangu hapo neno "ng'ambo" likitajwa pale nyumbani, Dada alikuwa anainuka na kwenda kuosha vyombo hata kama ni visafi.

Hata hivyo, wiki iliyofuata Sindano alivaa vile vizibo mtaani, na aliporudi nyumbani masikio hayakulia. Akapiga simu, kwa ajili ya kushukuru tu, kama watu waliofunzwa adabu.

"Hallo. Ni mwenye bibi harusi uliyemkanyaga."

"Anaendeleaje?"

"Nimemkata pindo. Amekuwa mfupi, lakini bwana harusi naye ni mfupi, wataelewana."

Kicheko kilichotoka upande wa pili kilikuwa kizito na cha polepole, na Sindano alijikuta anatabasamu mbele ya cherehani peke yake. Akaukunja uso haraka.

"Kwani wewe unafanya kazi gani, ya kutembea umejiziba?"

"Nilisomea kusikia."

"Watu wanasomea kusikia? Mimi nasikia bila cheti."

"Njoo hospitalini nikuonyeshe. Ukifika uliza Masikio. Jina langu hawalijui."

Alikwenda. Nani angekataa kwenda kuona?

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya kliniki ya masikio, pua na koo, mahali palipokuwa stoo ya mashuka. Alikuwa amezifunika kuta kwa magodoro ya zamani na kitambaa kizito ili sauti ya nje isiingie. Nusu ya chumba ilikuwa kibanda chenye dirisha la kioo, kiti kimoja na kitufe kwenye waya. Mgonjwa anakaa ndani amevaa hedifoni, Masikio anakaa nje kwenye mashine yake, anatuma mlio, na mgonjwa akiusikia anabonyeza kitufe, taa inawaka upande wa pili. Kazi nzima ilikuwa kujua ni wapi mtu anaacha kusikia.

"Niliondoka nikiwa nakwenda kuwa daktari wa upasuaji," alimwambia Sindano, akimkalisha kwenye kile kiti. "Nikafika, lugha yao siijui. Darasani naona midomo inakwenda, wenzangu wakicheka nami nacheka, wakiitikia naitikia. Nilirudi chumbani kila jioni nimechoka kwa kukisia. Siku moja tukapelekwa kumwona mzee mmoja kiziwi, akawa anaitikia kwa kichwa vile vile, anacheka pale pale wengine wanapocheka. Nikasema, huyu namjua. Nikabadilisha masomo wiki hiyo hiyo."

"Na hapa?"

"Hapa nilipokuja na cheti changu waliniambia kada hiyo haipo. Wakanipa kazi ya kutoa nta. Miezi mingi nilikuwa natoa nta, bibi, mpaka nikawa naiota. Chumba hiki wamenipa juzijuzi, na barua ya kunitambua bado inazunguka."

"Na kama haitafika?"

Kabla hajajibu, simu yake ililia. Aliitazama, akatoka koridoni, akaanza kuzungumza kwa lugha ambayo Sindano hakuelewa hata silabi moja. Alichoelewa ni kwamba upande wa pili alikuwa mwanamke, na kwamba mwanamke huyo alikuwa anacheka.

"Mwalimu wangu wa kule," alisema aliporudi.

"Anaonekana ana furaha."

"Ni bibi wa miaka mingi, Sindano. Ana wajukuu."

"Sijakuuliza umri wake," alisema Sindano, ingawa alikuwa ameuliza kwa macho.

Mapenzi yao yalianza hivyo, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Masikio alikuwa mpole, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kumwangalia mtu usoni wakati anaongea mpaka mtu ajione amesema jambo la maana. Alimwita "sindano yangu isiyopotea." Yeye akamwita "mwenye masikio yake." Lakini kila penye utamu Sindano alitafuta mchanga. Kwa nini wakitembea watu fulani humtazama naye hujifanya hawaoni? Siku moja mwanamume mzima alikaa meza ya jirani, Masikio akamruka kwa macho utadhani ni kiti. Yule mwanamume aliposema, "Habari za siku nyingi, mtaalamu," ndipo Masikio alipoinuka na kumkumbatia.

"Mbona hukumsalimia kwanza?"

"Mazoea ya shule," alisema, akabadilisha mazungumzo. Sindano akaliweka hilo moyoni pamoja na mengine.

Kisha akaja na ombi. Mashine yake ilikuwa na milio, lakini milio haitoshi, alisema, kwa sababu watu hawaishi na milio, wanaishi na maneno. Kule alikosoma kulikuwa na maneno yaliyorekodiwa kwa lugha ya kule. Kwa lugha yetu hakuwa nayo, na alikuwa ameamua kuyatengeneza mwenyewe.

"Nahitaji sauti. Safi, ya kike, isiyoyumba."

"Wauguzi wote hawa umekosa?"

"Nimewasikia wote. Nataka yako."

Sindano alikaa kibandani alasiri nzima, amevaa blauzi yake ya samawati, mdomo karibu na kipaza sauti. "Sema shuka. Sema fundi. Sema chupa. Sema sahani." Kila neno kwa uzito ule ule. Akicheka wanaanza upya, na alicheka sana. Mara moja aliingiza "sema mpenzi" bila kuambiwa, na Masikio, nje ya kioo, akashindwa kuzima mashine kwa wakati. Usiulize kama alilifuta neno hilo.

Jioni hiyo alisimulia yote mezani kwao. Dada alikwenda kuosha vyombo. Mama, ambaye alikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza na alikuwa amekaribia kustaafu, alitikisa kichwa na kusema, "Haya, Mungu ni mwema." Siku hizi Mama alilijibu kila jambo hivyo. Umwambie gauni limeuzwa, umwambie bomba limepasuka, Mungu ni mwema. Sindano alikuwa ameacha kumsimulia mambo, na kwa moyo mzito alihesabu kuwa mama yake amemchoka.

Kwa hiyo siku alipomleta Masikio nyumbani alijiandaa kwa aibu. Masikio alikuja na shati la bluu na viatu vilivyong'aa, akamwamkia Mama shikamoo kwa heshima zote, Mama akaitikia marahaba, akamkaribisha kiti. Masikio akakisogeza kile kiti upande wa kulia wa Mama, wakatazamana usoni.

Kilichofuata kilimshangaza kila mtu. Mama alicheka. Masikio alisema jambo dogo kuhusu jora lililokanyagwa, na Mama akacheka mpaka akashika ubavu, Mama ambaye kwa Sindano hakuwahi kucheka sijui tangu lini. Masikio alipouliza habari za shule, Mama akamjibu hatua kwa hatua, na lile neno Mungu ni mwema halikutajwa hata mara moja. Kisha Mama akamimina chai, akampa Masikio kikombe, na sukari hakumsogezea.

Masikio hatumii sukari. Hilo Sindano alilijua. Mama alilijuaje?

"Mnajuana?" aliuliza, akijaribu kucheka.

Mama na Masikio walitazama vikombe vyao kwa pamoja.

"Ndiyo kwanza nimemkaribisha nyumbani kwangu," alisema Mama.

Hilo halikuwa jibu, na mwalimu wa miaka yote ile alijua kuwa halikuwa jibu.

Siku chache baadaye Mama aliaga kuwa anakwenda kwenye kikao cha walimu. Sindano naye alitoka kumjaribisha gauni mteja, muuguzi aliyekuwa anaolewa, na njia ikampitisha kwenye bustani ya hospitali. Kwenye benchi chini ya ukuta wa chumba cha kufulia aliwaona wawili wamekaa: mama yake, amejifunga kile kitambaa chake cha kichwa cha zambarau, analia wazi wazi, na Masikio amemwinamia, anamkabidhi kisanduku kidogo cha kijivu. Mama akakipokea kwa mikono miwili.

Sindano alisimama pale na gauni la watu mkononi. Hakuwaendea. Aliogopa kitakachosemwa.

"Kisanduku kidogo?" Dada aliuliza, akifunga mlango wa chumba. "Cha kijivu? Hiyo ni pete."

"Ya kumvalisha nani, Mama?"

"Basi ni yako, anaomba kukuoa, na Mama hataki, ndiyo maana analia." Dada alifikiri, akashika kidevu, na uso wake ukabadilika. "Subiri. Kwanza nikuulize. Huyo mwanamume amezaliwa wapi?"

"Kwa nini?"

"Baba alikuwa akisafiri sana, unakumbuka. Wiki mbili nyumbani, wiki mbili hayupo. Na Mama amemwona mtu, analia. Na mtu anaulizwa kama mnajuana, anatazama kikombe." Dada akateremsha sauti. "Hebu yaangalie masikio yake, halafu kumbuka ya Baba."

"Dada, koma!"

"Nimekoma. Lakini uyaangalie."

Maskini Sindano, usiku huo alikaa na picha ya marehemu baba yake akiyapima masikio. Wasiwasi ukishaingia kichwani hauhitaji kulishwa, unajilisha wenyewe. Alimwendea Mama, akamuuliza Mama akiwa amempa mgongo, anapanga sahani, "Mama, kuna nini kati yako na yule?" Mama hakugeuka. Akauliza tena. "Haya," alisema Mama, "Mungu ni mwema."

Asubuhi alimwita Masikio kwenye mgahawa ulio mbele ya hospitali. Alivaa gauni jeusi kwa makusudi.

"Unamjua mama yangu?"

"Ulinipeleka mwenyewe kwenu."

"Kabla ya hapo."

Masikio aliweka kikombe chini.

"Nimekuona naye bustanini. Alikuwa analia, ukampa kisanduku. Sema."

"Sindano wangu, niulize lolote lililo langu. Wanawake niliowapenda, mitihani niliyofeli, nitakuambia yote. Hilo siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Basi nijibu moja tu. Baba yangu ndiye baba yako?"

Masikio alipaliwa na chai. Alikohoa, akafuta mdomo, halafu akafanya kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya: akacheka.

"Unacheka?"

"Hapana, mpenzi, samahani, hapana! Baba yangu yuko hai, anafuga kuku, njoo kesho umwone!"

"Mama yangu anakutaka nini basi?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Ananiambia Mungu ni mwema!"

Kicheko kikamtoka usoni papo hapo. Aliinamisha kichwa, na Sindano akaona, bila kuelewa, kwamba neno hilo limemuuma.

"Na yule bibi wako wa ng'ambo?" alisema, maana alikuwa ameshaanza kuchoma na hakujua kusimama. "Naye utaniambia siwezi?"

"Huyo ni wangu, nitakuambia. Ananiita nirudi. Kazi ipo, hospitali kubwa, cheti changu wanakitambua kwa sababu walikitoa wao. Anataka jibu Ijumaa."

"Kwa nini hukumwambia hapana?"

"Kwa sababu sijapata jibu la hapa."

"La hospitali?"

"La hospitali. Na lako."

Sindano alisimama, akachukua mkoba. "Langu ni hili. Mtu mwenye siri na mama yangu siwezi kulala naye chumba kimoja. Nenda, kaka. Wenzako wote walikwenda."

Alitoka bila kugeuka. Alilia kwenye kona ya kwanza, nyuma ya gari la mizigo, ili hata mtaa usimwone.

Hakupiga simu, wala yeye hakupigiwa. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita kwa taabu. Ijumaa asubuhi Sindano alikuwa kwenye cherehani katika chumba cha mbele, amegeukia dirisha, akishona kola ya gauni lile lile la muuguzi. Mara tatu alikuwa ameifumua. Cherehani lilikuwa linanguruma, na yeye, kama ilivyo kawaida ya mtu aliye peke yake, alikuwa anaongea na kitambaa.

"Aende tu," alinong'ona. "Aende huko kwa bibi yake. Mjinga mkubwa. Na mimi nampenda, mjinga mwenzie."

"Kama unampenda, mbona unamwacha aende?"

Mguu wa Sindano ulisimama juu ya kanyagio. Aligeuka polepole. Mama alikuwa mlangoni, upande wa pili wa chumba, kikapu cha madaftari ya watoto mkononi.

Tangu lini Mama alisikia mnong'ono? Tangu lini Mama alijibu jambo lililosemwa na mtu aliyempa mgongo, cherehani likinguruma, bila kuitwa mara tatu?

"Umesema nini, Mama?"

"Umenisikia. Na mimi nimekusikia." Mama aliweka kikapu chini, akalegeza kile kitambaa cha zambarau, akakisukuma nyuma. Nyuma ya kila sikio palikuwa na kitu kidogo cha kijivu, kilichojikunja na kujificha, na uzi mwembamba uliozama ndani. "Ndivyo vilivyokuwa kwenye kisanduku, na leo ndiyo kwanza nimevivaa humu ndani. Keti vizuri, mwanangu, usije ukajichoma."

Mama akavuta kigoda, akakaa.

"Nilianza kupoteza zamani. Watoto darasani wanainua mkono, naona midomo, sisikii kitu. Nikawa nakisia. Nyumbani nakisia. Nikaona lile neno Mungu ni mwema linafaa kila mahali. Siku ile uliyosimulia habari za huyo kijana, nilidaka nusu tu, lakini niliidaka. Nikaenda kwa siri. Yeye hakujua mimi ni nani."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, nikisimama sitaanza tena. Aliniweka kwenye kile kibanda. Kwanza milio. Halafu akasema sasa maneno. Nikamsikia mtu anaongea mbali, kama yuko nyumba ya pili na milango imefungwa. Sikujua anasema nini. Kijana akaipandisha, akaipandisha, mpaka ikanifikia. 'Sema shuka.' Nikavua kile kitu kichwani, nikamwambia, huyo ni mwanangu."

Sindano aliziba mdomo kwa kitambaa cha watu.

"Akanionyesha ilipoanzia, kule chini, mahali ambapo mtu mwingine angesikia. Akasema, sauti nyembamba huondoka kwanza, mama. Za watoto na za wanawake. Za wanaume hubaki nyuma. Ndiyo maana yeye, akikaa upande wangu wa kulia wenye nafuu, nilikuwa namsikia, namchekea, na wewe unaniangalia kwa uchungu. Mwanangu, umekuwa ukizungumza na mimi miaka yote hiyo, na mimi nakujibu kwa kubahatisha."

Machozi yalikuwa yanamtoka Sindano hovyo, na hakuyafuta.

"Nikamwapisha. Ungejua wewe, angejua Dada yako, na akijua Dada yako umejua mtaa. Na shuleni? Mwalimu kiziwi? Wangeninyang'anya darasa kabla sijaaga watoto wangu. Tukanywa chai hapo, bila sukari, akanisimulia ya kwake. Kule alikosoma alimwona mgonjwa wake kituo cha basi, mama wa makamo, yuko na wenzake. Akamsalimia kwa furaha, akamuuliza mashine za kusikia zinamfaa? Wenzake walikuwa hawajui. Yule mama hakurudi tena kliniki. Tangu siku hiyo, anasema, mgonjwa asipomsalimia kwanza, hamjui."

"Mazoea ya shule," alisema Sindano kwa sauti ndogo, na mama yake akaisikia.

"Nikamuuliza, na binti yangu akikuuliza? Akasema, nitanyamaza. Nikamuuliza, na akikuacha? Akasema, nitanyamaza, lakini nakuomba umwambie wewe, mama. Nikamwahidi. Nikaogopa, nikachelewa. Leo Dada yako kanieleza habari za masikio ya baba yenu." Mama alitikisa kichwa. "Marehemu, na kusafiri kote kule, alikuwa anauza rangi. Inuka uende. Kola nitaifumua mimi."

Alifika hospitalini na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Korido ilikuwa imejaa, watu wamekaa kwenye mabenchi na kadi zao, na alisubiri zamu yake kama mgonjwa yeyote. Mlango ulipofunguliwa, Masikio alimwona akasimama pale pale. Alikuwa amekonda usoni. Alikuwa anasubiri asalimiwe kwanza.

"Habari za siku nyingi, mtaalamu," alisema Sindano.

"Nzuri. Yanalia?"

"Hayalii. Nimekuja kupimwa. Kuna mtu alininyamazia kwa sababu njema, nami sikusikia."

Masikio aliangalia ile futi shingoni, akaelewa. Akafungua kibanda. Kabla ya kugusa nywele zake aliuliza, kama alivyomuuliza kila mtu, "Naruhusiwa?" Kisha akamvalisha hedifoni, akamwekea kitufe mkononi, akaenda kukaa upande wake wa kioo.

"Ukisikia, bonyeza," sauti yake ikaja masikioni, ya karibu sana. "Mama yako amenipigia sasa hivi. Amenifungua mdomo."

Sindano akabonyeza. Taa ikawaka.

"Samahani kwa kucheka siku ile." Sauti ilikuwa imeshuka kidogo.

Akabonyeza.

"Ng'ambo nimewajibu jana. Nimewaambia hapana. Kule wanaofanya kazi hii ni wengi, na hapa maneno ndiyo kwanza nimeyarekodi."

Kidole cha Sindano kilisita. "Jana?" aliuliza, kwa tabia yake. "Kabla sijaja?"

"Kabla hujaja. Hata usingekuja ningebaki. Ningebaki vibaya, lakini ningebaki."

Akabonyeza, na kioo kikaanza kumpotea kwa machozi.

"Barua ya hospitali bado," sauti ikasema, sasa kama pumzi. Akabonyeza. "Huenda nikaendelea kutoa nta mpaka uzee." Akabonyeza. Iliyofuata aliidaka kwa shida, ilikuwa jina lake tu, akabonyeza.

Kisha Masikio akageuza kitasa cha mwisho, akainamia kipaza sauti, na Sindano akaona kichwa chake kimeinama na mabega yamekaza. Midomo haikuonekana. Ndani ya hedifoni hapakuwa na kitu, hata chembe, ukimya mtupu wa magodoro.

Akabonyeza. Akashikilia kidole hapo hapo.

Taa iliwaka upande wa pili, ikabaki inawaka. Masikio aliinua uso.

"Hiyo hukuisikia," alisema kwa sauti yake ya kawaida.

"Sikuisikia."

"Wewe? Mwenye kukishuku hata kivuli chako? Umebonyeza kitu usichokisikia?"

"Nimebonyeza. Unaona taa au huioni?"

"Naiona."

"Basi toka huko uje useme tena, polepole na kwa sauti," alisema Sindano, akifuta macho kwa ncha ya futi. "Mama atataka nimsimulie neno kwa neno, na safari hii atanisikia."